Uvimbe wa taya kwa mtoto: limfoma ya Burkitt, matibabu yake na msaada kwa familia

Mtoto wa miaka sita anaanza kulegea meno ya nyuma. Halalamiki maumivu makali, wala hana homa kubwa. Baada ya wiki moja shavu limevimba upande mmoja. Wazazi wanaona ni jino limeoza, wanampeleka kung'olewa. Jino linatoka, lakini uvimbe hauishi, unaongezeka. Wiki tatu baadaye uso umebadilika sura na jicho limeanza kusukumwa nje.

Kwa wasikilizaji wetu wanaoishi kuzunguka Ziwa Victoria, hali hii si ngeni. Wapo waliowahi kumwona mtoto wa namna hiyo kijijini. Mara nyingi uvimbe wa shavu huwa ni jipu la jino kweli. Lakini wakati mwingine ni saratani iitwayo limfoma ya Burkitt, ambayo ni moja ya aina za limfoma isiyo ya Hodgkin.

Saratani hii hukua haraka kuliko karibu saratani zote za binadamu. Pamoja na hayo, ni miongoni mwa saratani zinazosikia dawa vizuri zaidi. Katika makala haya tunaeleza ugonjwa huu ni nini, unatibiwaje, na familia inaweza kupata msaada gani. Tutasisitiza jambo moja ambalo limewapoteza watoto wengi waliokuwa tayari kwenye njia ya kupona: kuacha matibabu pale uvimbe unapotoweka.

Limfoma ni nini?

Damu yetu ina chembe nyeupe zinazopambana na vijidudu vya magonjwa. Baadhi yake huitwa limfositi. Chembe hizi hukaa kwenye damu, kwenye tezi za shingo, kwapa na kinena, kwenye wengu na kwenye uboho, yaani ute ulio ndani ya mifupa. Limfoma ni saratani ya chembe hizo. Chembe moja huharibika, huanza kuzaana bila mpangilio, na hatimaye hufanya uvimbe.

Madaktari huzigawa limfoma katika makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza ni limfoma ya Hodgkin, iliyopewa jina la daktari Mwingereza Thomas Hodgkin. Nyingine zote huwekwa katika kundi la pili, limfoma isiyo ya Hodgkin. Kundi hili lina aina nyingi sana. Nyingine hukua taratibu kwa miaka, nyingine kwa wiki chache. Ndiyo maana mtu akisema "ndugu yangu alikuwa na limfoma akapewa dawa fulani", haimaanishi kwamba dawa hiyo ndiyo itakayomfaa mgonjwa wako.

Limfoma ya Burkitt ndiyo yenye kasi kubwa kuliko zote. Uvimbe wake unaweza kuongezeka ukubwa mara mbili ndani ya siku moja au mbili tu. Kwa hiyo, mzazi anayesema "wiki iliyopita hakikuwepo kitu hapa" mara nyingi anasema kweli.

Iligunduliwa hapa kwetu

Jina la Burkitt linatokana na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amwangalie mvulana wa miaka mitano aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Muda mfupi baadaye alimwona mtoto mwingine huko Jinja akiwa na uvimbe wa uso na wa tumbo pia. Akaanza kujiuliza kama haya ni magonjwa mawili au ni ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 alichapisha maelezo yake ya kwanza.

Mwaka 1961 Burkitt na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari na kusafiri takriban kilomita 16,000 kuelekea kusini mwa Afrika, wakipita hospitali moja baada ya nyingine na kuonyesha picha za watoto wenye uvimbe. Waligundua kwamba ugonjwa uko zaidi kwenye maeneo ya joto, ya chini na yenye mvua ya kutosha. Kwenye milima yenye baridi haukuonekana sana. Hayo ndiyo maeneo yenye mbu na malaria nyingi.

Mwaka 1964, huko London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walikuta kirusi ndani ya chembe za uvimbe uliotoka Uganda. Kirusi hicho huitwa Epstein-Barr hadi leo. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa Mulago. Kituo hicho ndicho kilichokua na kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Tunayataja haya kwa sababu wapo wanaodhani saratani na dawa zake ni mambo ya ng'ambo. Mengi ambayo dunia inayajua kuhusu ugonjwa huu yalianza kwa watoto wa Afrika Mashariki.

Nani huugua, na kwa nini?

Huku kwetu, limfoma ya Burkitt huwapata zaidi watoto wa kati ya miaka minne na saba, ingawa wadogo na wakubwa kuliko hapo pia huugua. Wavulana ni wengi kuliko wasichana.

Kirusi cha Epstein-Barr huambukizwa kwa mate, na watoto karibu wote wa vijijini hukipata wakiwa wadogo bila hata kuumwa. Kirusi peke yake hakitoshi kuleta saratani. Wataalamu wanaona kwamba malaria ya mara kwa mara, inayoushughulisha mwili wa mtoto tangu utotoni, inachangia kufungua mlango. Ndiyo maana chandarua na matibabu ya mapema ya malaria vina faida kuliko tunavyodhani.

Mambo manne yaeleweke vizuri:

- Saratani hii haiambukizwi. Mtoto mgonjwa anaweza kula sahani moja na wenzake, kulala nao na kucheza nao.
- Haitokani na kurogwa, laana wala kosa la mama.
- Haisababishwi na jino lililooza, na kung'oa jino hakuuondoi uvimbe huu.
- Kumchanja mtoto chale au kumkanda kwa dawa za mitishamba hakuuzuii uvimbe. Chale huleta vidonda na maambukizi, na siku zinapotea.

Dalili za kuangalia

Mpeleke mtoto kituo cha afya siku hiyo hiyo, usisubiri siku ya kliniki, ukiona moja ya haya:

- Uvimbe wa taya au shavu unaokua siku hadi siku.
- Meno kadhaa kulegea kwa pamoja bila kuumia, hasa ya nyuma.
- Jicho kutoka nje au kuvimba pembeni.
- Tumbo kuvimba na kuwa gumu. Kwa watoto wengi ugonjwa huanzia tumboni, kwenye figo, utumbo au mfuko wa mayai, bila uvimbe wowote usoni.
- Miguu kuishiwa nguvu ghafla, au mtoto kushindwa kujizuia mkojo. Hii ni dharura. Uvimbe unaweza kuwa umeukandamiza uti wa mgongo, na kila saa ina thamani.

Kama umepewa dawa za kuua vijidudu kwa ajili ya jipu, na baada ya siku tano uvimbe umeongezeka badala ya kupungua, usirudie dozi ile ile. Rudi na useme waziwazi: "Uvimbe unakua haraka, naomba rufaa." Una haki ya kuomba hivyo.

Vipimo: kwa nini wanachukua kinyama?

Daktari hawezi kuanza tiba ya saratani kwa kuangalia uso tu. Ni lazima achukue kipande kidogo cha uvimbe, au anyonye majimaji yake kwa sindano, ili yaangaliwe kwenye hadubini. Watu wengi huogopa kipimo hiki kwa kusikia kwamba "saratani ikiguswa na chuma inasambaa". Si kweli. Limfoma ya Burkitt husambaa iguswe au isiguswe. Kinachoizuia ni kujulikana mapema.

Vipimo vingine ni damu, picha ya tumbo kwa ultrasaundi, kipimo cha VVU, na majimaji kutoka uti wa mgongo na uboho kuona kama ugonjwa umefika huko. Sindano ya mgongoni nayo huogopwa sana, wengine wakidhani italemaza. Inapochomwa na mtaalamu huingia chini ya mahali uti wa mgongo unapoishia, na sindano hiyo ndiyo hutumika pia kupeleka dawa mahali ambapo dawa za kwenye mshipa hazifiki vizuri.

Matibabu yenyewe

Tiba kuu ya limfoma ya Burkitt ni dawa za saratani, ambazo wengi wetu tunaziita kemo. Hutolewa kwa sindano, kwa dripu na kwa vidonge.

Kwa nini hawaukati tu huo uvimbe? Kwa sababu ugonjwa hauko mahali pamoja. Hata ukikatwa wote unaoonekana, chembe zilizobaki kwenye damu huzaana upya ndani ya siku chache. Upasuaji hutumika kuchukua kinyama au pale utumbo unapoziba. Mionzi nayo haisaidii sana kwenye aina hii. Wakati wa Burkitt, Kampala haikuwa na mashine ya mionzi, akajaribu dawa mpya za wakati huo. Aliona uvimbe mkubwa ukinywea ndani ya siku chache tu.

Dawa zinazotumika zaidi katika hospitali zetu ni siklofosfamidi, vinkristini, methotreksati na prednisoloni. Matibabu hufuata hatua hizi:

1. Maandalizi. Mtoto huwekewa dripu ya maji mengi na kupewa dawa ya alopurinoli. Uvimbe unapoyeyuka kwa kasi, mabaki yake huingia kwenye damu na yanaweza kuziba figo. Maji na dawa hii huzilinda figo. Kwa hiyo ukiona siku ya kwanza au ya pili "wanampa maji tu", ujue matibabu yameshaanza. Muuguzi akikuambia upime mkojo wa mtoto kwenye chupa, fanya hivyo kwa uangalifu.

2. Awamu ya kwanza. Dawa za saratani huanza. Mara nyingi uvimbe hupungua wazi ndani ya wiki moja. Mtoto aliyekuwa hawezi kula huanza kuomba chakula.

3. Awamu zinazofuata. Dawa hurudiwa mara kadhaa kwa vipindi, kwa kawaida kila baada ya wiki mbili au tatu, kutegemea mpango wa hospitali na hatua ya ugonjwa. Sindano ya mgongoni hurudiwa pia ili kulinda ubongo. Kwa jumla familia ijiandae kwa miezi kadhaa.

4. Ufuatiliaji. Baada ya awamu ya mwisho mtoto hurudi kliniki kwa tarehe. Burkitt ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya mwaka wa kwanza. Mtoto aliyepita miaka miwili bila ugonjwa kurejea, madaktari humhesabu kuwa amepona.

Uvimbe umeisha, ugonjwa haujaisha

Hapa ndipo tunaomba usome polepole.

Baada ya awamu ya kwanza au ya pili, uso wa mtoto unarudi kama zamani. Anacheka, anakimbia wodini. Mama ameacha watoto wengine nyumbani, shamba halijapaliliwa, fedha ya nauli imekwisha. Baba anapiga simu anauliza, "Si amepona? Rudini." Wanaondoka, mara nyingine bila kuaga.

Lakini uvimbe unaoonekana kwa macho ni mamilioni na mamilioni ya chembe. Dawa ya kwanza huua nyingi mno, na zinazobaki ni chache kiasi kwamba hakuna mkono wala macho yanayoweza kuzigundua. Ni kama kukata magugu ya sangari shambani: juu kumekuwa safi, chini mizizi ipo. Chembe zilizobaki ni zile zilizostahimili dawa, na zinazaana kwa kasi ile ile ya siku moja au mbili. Wiki chache baadaye uvimbe unarudi, mara nyingi ukiwa umefika kwenye ubongo au uboho, na safari hii dawa zile zile hazifanyi kazi vizuri.

Katika nchi tajiri karibu watoto 9 kati ya 10 wenye ugonjwa huu hupona. Katika nchi nyingi za Afrika wanaopona ni wachache zaidi, sehemu nyingi takriban nusu tu. Tofauti haitokani na damu zetu. Watoto wetu wanafika wamechelewa, wana utapiamlo na malaria, dawa nyingine hazipatikani, na wengi hawamalizi awamu zao. Mengine kati ya hayo yako mikononi mwa serikali na hospitali. La kumaliza awamu, kwa sehemu kubwa, liko mikononi mwa familia na jamaa wanaoizunguka.

Kama umelazimika kuondoka, usiondoke kimya. Mweleze muuguzi sababu, chukua tarehe ya kurudi, acha namba ya simu yako na ya jirani. Na kama uliondoka zamani na sasa unaona aibu kurudi, rudi. Utapokelewa kama mzazi aliyemleta mgonjwa.

Madhara ya dawa na jinsi ya kumtunza mtoto

Dawa hizi huua chembe zinazokua haraka, zikiwemo baadhi ya chembe nzuri za mwili. Nywele hunyonyoka, lakini huota tena. Kichefuchefu kina dawa, omba. Vidonda vya mdomoni hupungua kwa kusukutua maji safi yenye chumvi kidogo mara kadhaa kwa siku. Vinkristini inaweza kuleta choo kigumu na ganzi vidoleni. Siklofosfamidi inaweza kuleta damu kwenye mkojo, ndiyo maana mtoto anapaswa kunywa maji mengi.

Hatari kubwa ni homa. Wiki moja hadi mbili baada ya dawa, kinga ya mwili hushuka. Joto likifika nyuzi 38 au zaidi, au mtoto akitetemeka, hiyo ni dharura hata kama ni usiku. Usimpe dawa ya kushusha homa kisha ukalala ukisubiri asubuhi. Mpeleke kituo kilicho karibu ukiwa na karatasi zake zote, na useme kwanza: "Mtoto huyu yuko kwenye dawa za saratani."

Nyumbani zingatia haya:

- Alale kwenye chandarua kila siku.
- Ale chakula kilichopikwa vizuri kikiwa cha moto: uji wa lishe, maharage, mayai yaliyoiva kabisa, dagaa, mboga. Maziwa na maji ya kunywa yachemshwe.
- Wanaomshika wanawe mikono kwa sabuni. Mwenye mafua au tetekuwanga asimkaribie.
- Usimpe dawa yoyote ya dukani, hasa diklofenaki, ibuprofeni au aspirini, wala mitishamba, kabla ya kumuuliza daktari. Baadhi huongeza sumu ya methotreksati au huumiza figo na ini.
- Usimpeleke kwenye chanjo bila kumuuliza daktari, kwa sababu baadhi ya chanjo hazimfai mtoto mwenye kinga ndogo.

Watu wazima nao huugua

Limfoma isiyo ya Hodgkin si ugonjwa wa watoto tu. Kwa mtu mzima dalili ya kawaida ni mitoki ya shingo, kwapa au kinena isiyouma na isiyoisha, pamoja na homa, jasho jingi la usiku na kukonda. Dalili hizi zinafanana sana na za kifua kikuu cha tezi. Wagonjwa wengi huanzishiwa dawa za kifua kikuu bila kinyama kuchukuliwa. Kama umetumia dawa hizo kwa wiki kadhaa na tezi zinaendelea kukua, omba kipimo cha kinyama.

Aina inayopata watu wazima wengi hutibiwa kwa mchanganyiko wa siklofosfamidi, doksorubisini, vinkristini na prednisoloni, kwa kawaida kila baada ya siku 21 hadi mara sita. Pale inapopatikana, huongezwa rituksimabu, dawa inayolenga chembe za limfoma zenye alama maalumu. Mionzi inaweza kuongezwa kwa baadhi. Limfoma zinazokua taratibu sana, daktari anaweza kuamua kumfuatilia mgonjwa kwanza bila dawa. Hiyo haimaanishi amepuuzwa.

Watu wanaoishi na VVU wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata limfoma. Wanatibiwa kama wengine, na wengi hupona. ARV haziachwi wakati wa kemo. Mwambie daktari wa saratani unatumia zipi, ili apange dawa zisizogongana.

Wapi kwa kwenda

Anzia zahanati au kituo cha afya ili upate karatasi ya rufaa.

Tanzania, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando iliyoko Mwanza hutibu saratani kwa watu wa Kanda ya Ziwa. Kaskazini ipo KCMC, Moshi. Dar es Salaam, watoto hutibiwa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, na watu wazima katika Taasisi ya Saratani Ocean Road. Kwa maelezo ya afya unaweza kupiga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya.

Kenya, zipo Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi. Uganda, ipo Taasisi ya Saratani ya Uganda huko Mulago, na kwa watu wa kaskazini Hospitali ya Lacor, Gulu. Rwanda kuna kituo cha saratani cha Butaro.

Msaada wa fedha, malazi na moyo

Ukifika hospitali kubwa, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii siku ya kwanza, kabla fedha hazijaisha. Afisa ustawi ndiye anayeshughulikia maombi ya msamaha wa gharama na kuwaunganisha wazazi na wafadhili wanaosaidia nauli au mahali pa kulala. Mara nyingi huombwa barua ya mtendaji wa kijiji inayoeleza hali ya familia, kwa hiyo ichukue kabla ya kusafiri. Tanzania, watoto wa chini ya miaka mitano wamo katika makundi yenye msamaha kwenye hospitali za serikali. Muhimbili, taasisi ya Tumaini la Maisha husaidia matibabu ya watoto wenye saratani pamoja na malazi ya familia. Kenya, sajili familia nzima kwenye SHA kwa kupiga *147#, usisubiri mgonjwa alazwe.

Kikwazo kikubwa mara nyingi ni vitu vidogo: nauli ya kurudi kwa awamu ya tatu, mtu wa kubaki na watoto, mtu wa kupalilia. Hapa ndugu na majirani wana kazi. Gawaneni zamu: wiki hii shangazi anakaa wodini, wiki ijayo bibi. Kikundi cha kuweka na kukopa, kanisa au msikiti vinaweza kutenga nauli ya tarehe inayofuata kabla haijafika. Mchango wa kurudi mara ya nne una thamani sawa na ule wa kwenda mara ya kwanza, ingawa watu huchanga kwa urahisi zaidi wakiona uvimbe.

Baba naye ahusishwe. Akielezwa na daktari, hata kwa simu, kwa nini mtoto anayecheka bado anahitaji dawa, huwa mlinzi wa matibabu badala ya kuyakatisha.

Mtoto mwenyewe aambiwe ukweli kwa kiasi chake: "Una ugonjwa, dawa zinauondoa, nywele zitaota tena." Mwalimu aelezwe ili wenzake wasimcheke kwa upara wala kumkimbia.

Kwa baadhi ya wagonjwa ugonjwa hautaondoka. Hata hapo huduma ipo. Morfini ya maji huondoa maumivu makali, na wahudumu wa tiba shufaa wanaweza kuisaidia familia kumtunza mgonjwa nyumbani. Kuomba dawa ya maumivu si kukata tamaa, na inaruhusiwa hata kwa mgonjwa ambaye bado anatibiwa ili apone.

Maswali ya kumuuliza daktari

Yaandike kwenye simu yako:

1. Ni aina gani ya limfoma, na imefika wapi?
2. Awamu ni ngapi, na kila moja inahitaji kulazwa siku ngapi?
3. Dawa zote zipo hapa, au nyingine natakiwa kununua?
4. Akipata homa nikiwa kijijini, niende wapi na nimpigie nani?
5. Tarehe ya kurudi ni lini?

Swali la mwisho lisisahaulike. Tarehe hiyo iandike ukutani nyumbani, mpe jirani, mpe mwenyekiti wa kitongoji, weka kengele kwenye simu. Ikifika, mrudishe mtoto hospitali, hata kama siku hiyo ameamka anacheza mpira.

Makala haya ni ya kuelimisha na hayachukui nafasi ya daktari anayemwona mgonjwa. Yahifadhi kwenye simu yako, na umsomee jirani asiye na simu.